Kwa nini darasa langu la uchoraji halizidi watu sita

Kila ninapotangaza nafasi za darasa la uchoraji katika karakana yangu, hujitokeza watu wengi kuliko viti vilivyopo, na wanaokosa nafasi huniuliza kwa nini nisiongeze meza mbili tatu, maana chumba kinatosha. Ni kweli kinatosha. Kisichotosha ni muda. Kipindi chetu ni cha saa tatu, yaani dakika 180. Wakiwa sita, kila mwanafunzi anaweza kupata dakika 30 za kuwa nami ana kwa ana, na wakiwa ishirini dakika hizo hushuka hadi tisa, tena kabla sijatoa muda wa kuonyesha chochote mbele ya wote. Katika dakika tisa naweza kumsifu mtu au kumkosoa, lakini siwezi kuketi kwenye kiti chake, kutazama kile anachokitazama kutoka pale alipo, na kugundua ni wapi macho yake yamemdanganya.

Kwangu mimi, kuketi kwenye kiti cha mwanafunzi ndiyo kazi yenyewe ya kufundisha. Wengi wanaoanza huamini kwamba tatizo lao liko mkononi, kwamba mkono hautulii na mstari haunyooki, na huja wakiomba mazoezi ya mkono. Mkono unaoweza kuandika barua inayosomeka unatosha kabisa kwa kuanzia. Kinachohitaji kufundishwa kwa subira ni kuona, kwa sababu akili ina tabia ya kutuchorea kile inachokijua na kukifunika kile kilicho mbele yetu, na hufanya hivyo upesi kiasi kwamba mchoraji mwenyewe hatambui kwamba kwa dakika kumi nzima hajainua macho kutoka kwenye karatasi.

Mfano ninaoupenda ni wa mtungi wa udongo uliowekwa mezani chini ya taa moja. Mwanafunzi mgeni huuchora mdomo wake kwa umbo la jicho, lenye ncha kali pande zote mbili, kisha kitako hukikata kwa mstari ulionyooka kwa kuwa anajua kwamba mtungi umekaa juu ya meza iliyo bapa. Lakini duara likitazamwa kwa mshazari huonekana kuwa duaradufu, na duaradufu haina ncha popote. Zaidi ya hayo, kadiri duara linavyokuwa chini ya usawa wa macho ndivyo linavyozidi kufunguka, kwa hiyo mpindo wa kitako hauna budi kuwa mkubwa kuliko ule wa mdomo. Maelezo haya nikiyatoa mbele ya darasa zima, wote huitikia kwa kichwa, kisha kila mmoja hurudi mahali pake na kuchora mstari ulionyooka vilevile. Yanawaingia pale ninapomwendea mmoja mmoja na kumwomba anyooshe mkono ulioshika penseli, afumbe jicho moja, apime upana wa mdomo wa mtungi na kuulinganisha na kimo cha uwazi wake, kisha ashuke apime ukingo wa chini kwa njia ileile. Kuna mama mmoja, mtu mzima ambaye hakuwa amechora tangu alipokuwa mtoto, aliyenyamaza kwa muda mrefu baada ya kupima hivyo. Akafuta sehemu yote ya chini ya mtungi wake, akaichora upya kwa mpindo, na umbo lililokuwa limebandikwa tu kwenye karatasi likakaa mezani. Karatasi yake sikuwa nimeigusa.

Kutoigusa ni uamuzi, wala sitarajii kila mwalimu akubaliane nami. Wapo wasanii wakubwa waliosahihisha moja kwa moja juu ya kazi za wanafunzi wao, na ushahidi bado upo. Katika hifadhi ya michoro ya Berlin kuna mchoro wa Constantijn van Renesse, mwanafunzi wa mchoraji Mholanzi Rembrandt katikati ya karne ya 17, unaoonyesha malaika akimletea Maria habari. Juu ya mistari myembamba ya mwanafunzi imepita mistari minene ya kalamu ya tete, inayoaminika kuwa ya mwalimu, ikimkuza malaika na kumpa uzito ambao hakuwa nao. Ukiutazama unajifunza mengi kwa muda mfupi, kwa kuwa fikra mbili zimelala juu ya karatasi moja na unaweza kuzitenganisha. Hata hivyo, van Renesse alikuwa tayari anajua kuchora alipofika kwa Rembrandt. Anayeanza leo akirudi nyumbani na karatasi ambayo mistari yake mizuri yote ni ya mwalimu, atabaki na picha nzuri, lakini hatajua yeye mwenyewe ameweza nini. Ndiyo maana huwa na kipande cha karatasi pembeni: ninachora hapo, namwonyesha, kisha nakiondoa ili arejee kwenye kazi yake akiwa na macho yake mwenyewe.

Lipo jambo jingine ambalo darasa dogo linaloongozwa na msanii anayeishi kwa kazi yake hulitoa kwa namna ambayo sijaiona kwingine, nalo ni nafasi ya kushuhudia maamuzi yakifanywa. Picha iliyokamilika na kutundikwa ukutani huficha njia iliyopitiwa kuifikia. Ninapochora mbele ya wanafunzi, wao hukaa karibu kiasi cha kuona rangi ikichanganywa kwenye paleti, yaani kibao cha kuchanganyia rangi, na mimi husema kwa sauti kile ambacho kwa kawaida hubaki kichwani: kwamba kivuli hiki nakitaka kiwe cha ubaridi kidogo, kwamba ukingo huu naulainisha kwa sababu sitaki jicho lisimame hapa, kwamba sehemu ile nimeipenda sana lakini inaishinda picha nzima, kwa hiyo naifuta. Hilo la mwisho huwashtua. Wengi hawajawahi kumwona mtu akifuta kwa hiari kitu kilichochorwa vizuri, na naona kwamba hujifunza zaidi kwa kuliona likitendeka kuliko kwa kulisikia likielezwa.

Ujuzi wa vifaa nao hupita kwa njia hiyohiyo ya ukaribu. Mwanafunzi anayetaka kivuli cheusi hukimbilia rangi nyeusi ya kwenye tyubu, na kivuli chake hutoka kimekufa. Akiniona nikichanganya buluu ya ultramarini na rangi ya kahawia iitwayo siena iliyochomwa, huona giza zito likitokea ambalo linaweza kuelekezwa upande wa joto au wa ubaridi kwa kuongeza kidogo tu ya rangi moja kati ya hizo mbili. Vivyo hivyo kwa kanuni ya matabaka katika uchoraji wa rangi za mafuta. Rangi hizi hukauka kwa mafuta yake kuungana taratibu na oksijeni ya hewani, wala si kwa unyevu kuvukizwa kama rangi za maji, na tabaka lenye mafuta mengi huchukua muda mrefu zaidi. Ukipaka tabaka lenye mafuta machache juu ya lile lenye mengi, la juu litakauka mapema huku la chini likiendelea kujongea, na baada ya muda picha itapasuka. Kwa hiyo mafuta huongezwa kadiri matabaka yanavyopanda.

Hapa naongeza neno la usalama ambalo ningependa lisemwe katika kila karakana. Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani, yanayotumika katika rangi hizi, yakirundikwa pamoja hupata joto yenyewe, na yanaweza kuwaka moto bila mtu yeyote kuyawasha. Yatandazwe moja moja mahali penye hewa hadi yakauke, au yawekwe kwenye kopo la chuma lenye maji na kifuniko. Ninapokuwa na wanafunzi sita naweza kujua tambara la kila mmoja limeishia wapi.

Kujifunza karibu na msanii mmoja kuna hatari yake, nayo ni kwamba mwanafunzi anaweza kumezwa. Govert Flinck, aliyepitia karakana ya Rembrandt, aliumudu mtindo wa mwalimu wake kiasi kwamba tangu karne ya 18 imesimuliwa kuwa baadhi ya kazi zake ziliuzwa kama za Rembrandt mwenyewe, na ugumu wa kutenganisha mkono wa mwalimu na ya wanafunzi ni mkubwa hata ukasababisha kuanzishwa kwa mradi maalumu wa utafiti nchini Uholanzi mwaka 1968. Kwa wengine, kufanana huko kulikuwa ndiyo nia. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora jijini Dar es Salaam karibu na mwaka huohuo, aliwafundisha vijana wachache, wengi wao ndugu zake, na alipofariki mwaka 1972 wao ndio walioushika mtindo wake na kuuendeleza hadi ukawa riziki ya wachoraji wengi na ukabeba jina lake. Sioni kosa lolote katika hilo. Mtindo ukiwa urithi na kazi ya jamii, kuurudia kwa ustadi ni uaminifu. Lakini anayekuja kwangu hajaja kurithi mtindo wangu. Amekuja kutafuta namna yake ya kuona, na jukumu langu ni kuulinda utafutaji huo hata dhidi ya mapenzi yangu mwenyewe. Mwanafunzi anapoanza kutumia mchanganyiko wangu wa kijivu kila mahali, humpa rangi tatu ambazo mimi sizitumii na kumwacha nazo kwa vipindi kadhaa.

Kinga nyingine dhidi ya kumezwa ni wanafunzi wenyewe. Watu sita wakiuzunguka mtungi mmoja hupata mitungi sita: aliye upande wa taa ana mwanga mwingi na vivuli vichache, aliye upande wa pili ana umbo la giza lenye ukingo mwembamba unaong'aa, na aliyekaa katikati ana mpaka wa nuru na giza ukishuka tumboni mwa mtungi, ambao kwa maoni yangu ndio mgumu kuliko yote. Mwishoni mwa kipindi michoro hupangwa ukutani na kila mmoja huizungumzia kazi ya mwenzake kabla sijasema neno. Nimeshuhudia mara nyingi mtu akiliona kosa kwa mwenzake, akalieleza kwa usahihi, kisha akageuka na kulikuta hilohilo kwenye karatasi yake. Katika kundi kubwa mazungumzo haya hutekwa na wawili watatu wenye ujasiri. Katika kundi dogo hata mkimya hana budi kusema, na aghalabu mkimya ndiye aliyetazama zaidi. Tunacho pia kioo. Leonardo da Vinci aliwashauri wachoraji waitazame kazi yao kwenye kioo bapa, kwa kuwa ikigeuzwa huonekana kana kwamba imefanywa na mkono wa mtu mwingine na makosa yake hujitokeza, na ushauri huo haujachakaa: uso uliopinda kidogo upande mmoja, ambao mchoraji wake ameuzoea, huonekana papo hapo.

Kwa anayetafuta darasa la namna hii popote alipo, naomba asidanganyike na uzuri wa kazi za mwalimu peke yake, kwa kuwa wapo wasanii hodari ambao hawana subira ya kufundisha, na hilo haliwapunguzii usanii wao. Omba kuketi kipindi kimoja bila kuchora. Angalia penseli iko mkononi mwa nani kwa muda mrefu zaidi. Sikiliza kama masahihisho yanataja kitu mahususi, mathalani pembe ya bega au uzito wa kivuli chini ya kidevu, au kama ni maneno ya jumla ambayo yangeweza kuambiwa mtu yeyote. Tazama kazi za wanafunzi zilizo ukutani: zikiwa zote zinafanana, uliza kama hiyo ndiyo nia, na uamue kama ndiyo nia yako pia.

Kisha mwombe mwalimu akuonyeshe kazi anayoendelea nayo wakati huo na umuulize ni sehemu gani inayomsumbua. Msanii aliye kazini huwa na jibu la swali hilo, na namna atakavyolijibu itakuonyesha jinsi atakavyozungumza nawe utakapokwama. Mimi ukiniuliza leo nitakupeleka mbele ya picha ya ngazi ya mbao iliyoegemezwa ukutani, ambayo kivuli chake kimekuwa kizito kuliko ngazi yenyewe. Wanafunzi wangu wameijadili kwa vipindi viwili, nusu yao wanataka nikipunguze kivuli na nusu wanataka niiongezee ngazi rangi ya joto, nami ninaelekea kuwafuata hao wa pili.