Mbwa wangu na mashine ya kusaga

Nilipohamia Kirumba, Mwanza, nilipata chumba upande wa soko la samaki la Mwaloni. Upepo wa ziwa ulikuwa ukiniletea harufu ya dagaa mpaka ndani ya chandarua. Wiki ya kwanza nililala nimejifunika shuka usoni. Ya tatu akaja mgeni, akauliza naishije na harufu hii. Nikamuuliza, harufu ipi?

Popi, mbwa wangu, hakuwa na bahati hiyo. Nyumba ya tatu kutoka kwetu kuna mashine ya kusaga. Ikiwashwa tu, anajibana chini ya kitanda na kutetemeka. Mimi kwa ujuaji wangu nikamfunga kamba, nikamburuta hadi mlangoni pa mashine. Atazoea tu. Akajikojolea. Tangu siku ile akawa anakimbia hata sufuria ikianguka.

Baadaye nikasoma habari za Eric Kandel, mtafiti wa ubongo aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2000, na yule konokono wake wa baharini, Aplysia. Ukimgusa taratibu, anavuta shavu lake la kupumulia ndani; ukirudia rudia, anavuta kwa uvivu, mwisho hajali. Ila akipigwa shoti mkiani, mguso uleule mdogo unamshtua kuliko mwanzo. Basi kamba yangu ndiyo ilikuwa shoti.

Nikaanza upya. Jioni mashine ikinguruma tunakaa chini ya mwarobaini, mbali, pale anaposimamisha masikio lakini hatafuti pa kukimbilia. Simvuti, simbembelezi. Akijilaza, kesho tunasogea hatua tano. Vipande vya mapanki, yale mabaki ya sangara aliyetolewa minofu, nilikuwa navyo mfukoni, vya siku mbaya tu. Malaria iliponilaza siku nane, tulirudi nyuma karibu nusu ya njia. Mzee mwenye mashine alikuwa akinicheka: "Kijana, unamchumbia nani hapa?"

Mwezi wa pili Popi akalala palepale mlangoni, mgongo mweupe kwa unga. Kisha mzee akaachana na dizeli, akafunga mota ya umeme yenye sauti nyembamba, na Popi akaruka kama hajawahi kuona mashine duniani. Safari hii zilitosha siku nne.

Siku hizi kinachomwamsha ni umeme kukatika. Mashine ikinyamaza ghafla, ananyanyua kichwa na kuutazama mlango. Nami kule chumbani najikuta nimeacha nilichokuwa nafanya, nasikiliza.