Nilivyomtibu Simba, mtoto wa mbwa aliyenyonyoka manyoya

Simba alikuwa na miezi mitano manyoya yalipoanza kumtoka kuzunguka macho na pembeni mwa mdomo. Baadaye yakatoka na ya miguu ya mbele, ngozi ikawa nyekundu yenye magamba, na katikati ya vidole vikaota vipele vya usaha. Cha ajabu, hakuwa akijikuna sana.

Mtaani kwetu Morogoro dawa ya upele wa mbwa inajulikana: oili chafu ya gari. Mzee jirani aliniletea kopo zima. "Mpake hii mwanangu, atapona." Nilimshukuru, lakini sikumpaka. Mbwa hujilamba, na sumu ya oili huishia tumboni mwake.

Daktari wa mifugo aliibana ngozi kwa vidole, akaikwaruza kwa wembe wenye tone la mafuta hadi damu ikachungulia, kisha akaweka alichokipata chini ya hadubini. "Njoo uone, mama." Nikawaona: wadudu wembamba, warefu kama sigara, vijiguu vinane vifupi vimesogeana upande wa mbele. Hao ni Demodex canis, aina ya utitiri wanaoishi kwenye mashina ya manyoya. Karibu kila mbwa anao. Huwapata kwa mama yake siku za mwanzo za kunyonya. Kinga ya mwili ikishindwa kuwadhibiti, wanazaliana kupita kiasi. Hawa hawahamii kwa watu, na hapo nilishusha pumzi, maana wanangu hawabanduki kwa Simba. Upele wa Sarcoptes, utitiri wa aina nyingine, ndio unaowasha vibaya na kuambukiza hata binadamu.

Madoa machache kwa mbwa mchanga mara nyingi hupona yenyewe, ila ya Simba yalishasambaa. Alipimwa uzito, akapewa kidonge cha kutafuna chenye fluralana, dawa ya kuua utitiri, ambacho hufanya kazi wiki 12. Bei yake iliniuma, lakini njia nyingine ilikuwa kumwogesha kwa amitrazi mara kwa mara, na dawa ile ina masharti: glavu, mahali penye hewa, vipimo sahihi. Kwa usaha alipewa antibayotiki na shampuu ya klorheksidini. Nawasihi wenzangu, msikubali sindano ya kutuliza muwasho kabla ngozi haijakwaruzwa. Dawa hizo za steroidi, kama prednisoloni, hushusha kinga, na wadudu hawa hufurahia hilo.

Manyoya yalirudi kabla wadudu hawajaisha. Ngozi ilipokwaruzwa tena, bado walikuwamo, wachache. Kwa hiyo matibabu yaliendelea hadi vipimo viwili vilivyopishana mwezi mmoja vikatoka safi.

Simba nimemhasi, kwa kuwa udhaifu huu hurithiwa. Aliyenipa Simba naye nilimweleza, kwa sababu mama wa Simba bado anazaa, na ndugu zake wawili wameshaanza kutoka manyoya machoni.