Kutambua mabomba nyeti kabla chuma hakijakatwa: ninavyofanya

Mradi wa kawaida wa kiwanda hapa Dar es Salaam, pale Barabara ya Nyerere au Mikocheni, unaweza kuwa na laini (njia za bomba, kila moja na namba yake) mia mbili kwenye orodha. Huwezi kuzipigia zote hesabu za mkazo (nguvu inayojijenga ndani ya chuma) kwenye kompyuta, wala hakuna haja. Kazi yenyewe ni kujua zipi zinahitaji, hizo ndizo nyeti, na kuzijua mapema, boila na pampu zikiwa bado zinaweza kusogezwa kwenye karatasi.

Wengi hushika kalamu nyekundu na kupaka kila penye moto. Hiyo ni nusu ya kazi. Bomba la mvuke lililoachwa huru upande mmoja litatanuka na halitamdhuru mtu. Balaa huanza joto linapokutana na kufungwa. Chuma cha kawaida kilichobanwa ncha zote mbili, kwa mstari ulionyooka, hupata mkazo wa takriban megapaskali (MPa) 2.4 kwa kila digrii moja ya Selsiasi inayoongezeka. Mvuke wa bar 10 kwenye geji una digrii 184. Ukiliunganisha bomba likiwa na digrii 30, tofauti ni 154, yaani mkazo wa MPa 370 hivi. Chuma cha A106 daraja B, cha kawaida kwa mabomba ya mvuke, huanza kulegea, yaani kupinda bila kurudi, kwenye MPa 240. Kwa hiyo katika kila laini najiuliza maswali mawili kwa pamoja: inapata joto kiasi gani, na imefungwa na nini?

Mezani naweka P&ID (mchoro wa mabomba, valvu na vifaa vya kupimia), orodha ya laini, na mchoro wa mpangilio wa vifaa. Kwenye orodha naongeza safu ambayo mara nyingi haipo: joto la juu kabisa ambalo laini itawahi kuliona, hata kwa saa moja. Laini ya bidhaa inayofanya kazi kwa digrii 60 lakini husafishwa kwa mvuke kila wiki ni laini ya digrii 130 au zaidi, liandikwe lisiandikwe. Hapa ndipo laini nyingi hupotea, kwa sababu mhandisi wa mchakato hujaza joto la uzalishaji tu.

Baada ya hapo napaka. Nyekundu ni hesabu rasmi ya kompyuta, njano ni hesabu ya mkono, na isiyopakwa huangaliwa kwa macho. Vipimo vyangu, na kila ofisi ina vyake: kila laini ya inchi 3 kwenda juu iliyofungwa kwenye pampu, kompresa au tabini na inayozidi digrii 65 ni nyekundu. Ya inchi 4 kwenda juu inayozidi digrii 120 huanza kama njano. Inayozidi 200 ni nyekundu kuanzia inchi 2. Bila kujali joto, nyekundu pia ni mabomba ya kutolea ya valvu za usalama, laini zenye belo za kutanukia (viungo vyenye mikunjo vinavyomeza mtanuko), laini zenye koti la mvuke, na zile zinazobeba gesi na kimiminika kwa pamoja, maana mafungu ya maji yakigonga kwenye elbo (kona ya bomba) huweza kung'oa sapoti.

Kwa zile za njano kuna kipimo kilichomo ndani ya ASME B31.3, kanuni ya Kimarekani ya mabomba ya viwandani, na mwenzake B31.1 pia inacho: D mara y, gawanya kwa (L − U) kipeo cha pili, jibu lisizidi 208. D ni kipenyo cha nje kwa milimita, y ni mtanuko unaotakiwa kumezwa kwa milimita, L ni urefu wa bomba kwa mita, na U ni umbali wa mkato, wa mstari ulionyooka, kati ya ncha mbili zilizofungwa, nao kwa mita. Chukua bomba la inchi 6 la mvuke ule ule, kipenyo 168.3, lenye kona moja: mita 12 kisha mita 6. L ni 18, U ni 13.42. Chuma hutanuka milimita 1.85 kwa mita kwa tofauti hiyo ya joto, basi y ni 24.8. Jibu ni 199. Limepita, kwa tabu. Sasa mtu wa mpangilio asogeze boila mita mbili ili forklifti ipate njia, mguu mfupi ubaki mita 4: jibu linaruka hadi 351. Bomba lile lile, mvuke ule ule, limekuwa jekundu kwa sababu ya forklifti. Ndiyo maana kila toleo jipya la mpangilio narudia kupaka.

Kipimo hicho kina mipaka yake. Kinafaa bomba la ukubwa mmoja, ncha mbili zilizofungwa, bila kizuizi katikati. Tena hakisemi lolote kuhusu nguvu inayofika kwenye mdomo wa pampu. Jibu la 199 linaloishia kwenye pampu bado kwangu ni nyekundu.

Pampu zinataka jicho la peke yake. Kwenye viwanda vya mafuta ya kula utakuta mafuta ya kupashia joto ya digrii 280, pampu mbili, moja ya akiba. Mwenye haraka hupiga hesabu zote mbili zikiwa moto, na kila kitu hutoka kizuri kwa sababu pande zote zinatanuka sawa. Hali mbaya ni pampu A ikiwa moto na B ikiwa baridi, halafu kinyume chake. Shafti hupinda, sili huvuja, fundi hulaumu beringi.

Laini za baridi nazo zinadanganya. Programu nyingi huanza na joto la ufungaji la digrii 21. Kwa mvuke hapa Dar hilo linakuweka upande salama. Kwa amonia ya digrii −33 linakupunja: bomba limechomelewa kwenye digrii 32, kwa hiyo litasinyaa kwa tofauti ya 65, si 54. Asilimia 17 hivi imepotea kimyakimya. Na bomba jeusi la HDPE (plastiki ngumu) juu ya paa, la maji tu, hutanuka milimita 0.15 hadi 0.2 kwa mita kwa kila digrii. Mita 30 na tofauti ya digrii 30 kati ya alfajiri na jua la saa nane ni zaidi ya sentimita 13. Likikutana na flanji (sahani ya kuungia kwa bolti) ya chuma ya pampu, ujue nani atashindwa.

Jambo jingine: mpaka wa hesabu hauishii pale namba ya laini inapobadilika. Bomba halijui namba yake. Fuata chuma hadi sehemu iliyofungwa kweli, ukiingiza na matawi. Katika upanuzi wa kiwanda cha zamani hii ina maana ya kwenda kupima laini ya zamani kwa utepe, kwa kuwa tawi jipya huweza kuifanya nyeti iliyokuwa salama miaka yote. Angalia pia vitawi vya robo tatu inchi karibu na kompresa ya pistoni. Havipo kwenye orodha yoyote kwa udogo wao, na mtetemo huvikata kwenye weldi.

Kwa matangi, nakagua ripoti ya udongo kwanza. Tangi likishuka sentimita chache baada ya kujazwa, bomba lililofungwa kwenye sapoti ngumu mita moja tu kutoka ukuta wa tangi hubeba mzigo wote. Nasogeza sapoti ya kwanza mbali, na kwenye mchoro naandika kwamba flanji ya tangi isifungwe mpaka jaribio la maji liishe.

Laini nyekundu zote huenda saiti na karatasi ya ukaguzi. Mstari wa kwanza: flanji mbili zikae sambamba ndani ya milimita 1 kwa kila 200 za kipenyo, na matundu ya bolti yasipishane zaidi ya milimita 3, bila mtu kuvuta kwa chenibloku (kapi ya mnyororo).