Ni Uzee au ni Kulala? Tulivyopima Mifupa ya Kuku kwa Mtungi wa Maji

Swali lilitoka dawati la nyuma, siku niliyokuwa nikifundisha mifupa Kidato cha Tatu. Wambui (si jina lake halisi) aliinua mkono akasema: "Mwalimu, shosho (bibi) yangu alianguka bafuni akavunjika nyonga. Sasa ni miezi mitano yuko kitandani. Juzi tukimgeuza, mkono nao ukavunjika. Huo ni uzee, ama ni kule kulala?"

Nilimjibu kwamba ni vyote viwili. Nilikuwa sahihi, lakini nilimwona akiinamisha kichwa, nikajua sijamsaidia hata kidogo. Uzee hauna la kufanywa. Kulala kuna la kufanywa. Kama mkono wa shosho ulivunjika kwa sababu ya miaka pekee, basi familia haina kazi ila kukaa kando ya kitanda. Kama sehemu ya lawama ni ya kitanda chenyewe, mambo yanabadilika. Msichana alitaka nimgawie lawama hiyo, hii ya uzee, hii ya kulala, nami nikamrudishia fungu zima.

Shule yetu iko Kayole. Maabara ina darubini mbili na sinki moja. Panya wa majaribio hatuna, wala mashine ya kupima nguvu ya mfupa. Usiku huo nilikaa nikisoma jinsi wenye vifaa walivyolitegua fumbo hili, na aliyenifungua macho ni mtafiti Emily Morey-Holton wa kituo cha Ames cha NASA, shirika la anga la Marekani, kule California. Miaka ya 1970 yeye na wenzake walianza kumwinua panya sehemu ya nyuma ili miguu ya nyuma isiguse sakafu. Baadaye njia iliyozoeleka ikawa kumshika kwa mkia. Panya huyo hutembea kwa miguu ya mbele, hula, hunywa, huzunguka kizimba chake apendavyo. Miguu ya nyuma tu ndiyo inayoning'inia bila kazi. Walitaka kuelewa kinachowapata wanaanga, ambao wakiwa angani hupoteza karibu asilimia 1 hadi 1.5 ya msongamano wa mfupa wa nyonga kila mwezi. Umri haukuongezwa, chakula hakikupunguzwa, kilichoondolewa ni uzito peke yake. Na ndani ya wiki chache mifupa ya miguu hiyo huonekana kudhoofika.

Nikajiuliza ni mnyama gani hapa Nairobi ambaye tayari amewekwa bila kazi, na ana mwenzake wa umri ule ule aliyeachwa huru. Jibu lilikuwa kwenye trei ya mayai juu ya friji yangu.

Kuku wa mayai anayefugwa kwenye keji hasimami sawasawa akanyoosha mabawa. Mwenzake anayefugwa sakafuni juu ya maranda hupiga mabawa, hukimbia, huruka kwenye kitulio. Mfupa unaotofautiana sana kati ya hao wawili ni ule wa juu wa bawa, unaoungana na bega. Watafiti wa Uingereza walishaonyesha hivyo kwa kuwalinganisha kuku wa keji na wale wenye nafasi ya kuruka. Kwa hiyo sikuwa nakwenda kugundua jambo jipya. Nilitaka wanafunzi wangu walione kwa macho, na Wambui aliguse kwa mikono yake.

Tulianza vibaya. Jumamosi moja nilipita soko la Burma nikanunua kuku wawili wa keji na wawili wa kienyeji, nikiamini nimemaliza kazi. Jumatatu kijana mmoja aliyezoea kunyamaza darasani akauliza, "Mwalimu, huyu wa kienyeji ana umri gani?" Hakuna aliyejua, hata muuzaji hakujua. Tungepima keji na umri na aina ya kuku kwa pamoja, tukarudi pale pale kwa shosho: vyote viwili. Nilimshukuru mbele ya darasa zima, na nilimaanisha.

Basi nikaenda Wangige, mahali ambapo mayai ni biashara ya kila kona. Nilizunguka siku mbili kabla ya kumpata mfugaji mwenye mabanda yote mawili, keji upande mmoja na maranda upande wa pili, kuku wa aina moja, vifaranga walionunuliwa siku moja. Wote walikuwa na wiki 80 na walikuwa wanauzwa kwa kuwa utagaji ulishuka. Alinisikiliza, akacheka kidogo, akanichagulia sita wa huku na sita wa kule. "Hawa wa keji uwabebe polepole, mwalimu," akaniambia. "Ukiwashika kwa bawa linavunjika." Mzee yule alikuwa anajua jibu miaka yote.

Kuna jambo la tatu lililonitia wasiwasi, nalo ni mayai yenyewe. Ganda la yai moja lina kalsiamu ya takriban gramu 2, na kuku akikosa ya kutosha kwenye chakula huichota mifupani. Lakini kwa kuwa makundi yote mawili yalikuwa yanataga na kula chakula kimoja, mzigo huo waliubeba wote.

Kosa la pili lilikuwa langu tena. Ili kuondoa nyama upesi nilichemsha mifupa ya wale kuku wanne wa Burma, nikaianika juu ya mabati. Ilivunjika kama kijiti cha mkaa, yote, bila kujali ilitoka wapi. Mfupa ulio hai una maji na una kolajeni, protini inayoufanya upinde kidogo kabla ya kukatika. Ukiukausha unakuwa mgumu lakini hauvumilii. Ukiuchemsha unaiharibu kolajeni. Kwenye maabara mifupa hufungwa kwa shashi iliyoloweshwa maji ya chumvi na kugandishwa hadi siku ya kupimwa. Nasi tukafanya hivyo: nyama ikaondolewa mbichi kwa kisu kidogo na kupelekwa jikoni kwa mpishi wa shule, mifupa 24 ikafungwa kwa vitambaa vyenye maji ya chumvi, ikalala kwenye friji ya chumba cha walimu katika mfuko wenye maandishi makubwa ya USITUPE.

Mashine yetu ilikuwa hivi. Meza mbili zilisogezwa hadi pengo la sentimita 5, mfupa ukalazwa juu ya pengo kama daraja. Katikati ya mfupa kamba ya katani, kwenye kamba kulabu, kwenye kulabu mtungi wa lita 20 ukining'inia kiganja kimoja juu ya gunia la maranda. Maji yalimiminwa nusu lita kwa nusu lita, tukihesabu hadi kumi kila baada ya kumimina. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo hatukuhitaji mzani ila wa kupimia mtungi mtupu. Karai lilikuwa chini kukinga maji yanayomwagika, kwa sababu Kayole maji hayamwagwi ovyo.

Niliwaficha wanafunzi ni mfupa wa kuku gani. Kila mmoja ulikuwa na namba tu. Wambui alimimina. Mfupa unaoanza kushindwa hutoa mlio mdogo kabla ya kukatika, na darasa zima lilijifunza kuusubiri kimya. Mingine ilikatika maji hayajafika nusu ya mtungi. Halafu ikaja namba 9. Lita 15, lita 18, mtungi ukajaa hadi mdomoni, mfupa umetulia. Ilibidi tufunge mawe kwenye mpini. Tulipofungua karatasi ya namba, ya keji karibu yote ilikuwa imekatika mapema, na yote mitatu iliyoshinda mtungi mzima ilitoka kwenye maranda. Mmoja wa keji ulikuwa imara kuliko baadhi ya wenzake wa sakafuni, na niliwakataza wasiufute. Kuku hawafanani, ndiyo maana tulichukua 12; kuku mmoja wa kila upande asingetosha.

Wambui aliyashika mabawa mawili yaliyovunjika, moja la huku na moja la kule. "Umri ni mmoja," akasema. Hakuongeza neno.

Lakini kuku wa wiki 80 si ajuza, na sikutaka aende nyumbani na nusu ya jibu. Upande wa uzee nilitegemea kazi za watu wengine. Mwaka 1992 mtafiti Clinton Rubin na wenzake walipinda kila siku, kwa kipimo, mfupa wa bawa wa bata mzinga, wengine wa mwaka mmoja na wengine wa miaka 3. Baada ya wiki 8 vijana walikuwa wameongeza karibu asilimia 30 ya unene wa mfupa, wazee hawakuongeza kitu. Mwaka 1995 Charles Turner na wenzake walipata jambo linalofanana kwa panya wa miezi 19, ambao kwa panya ni uzee: walihitaji mzigo mkubwa zaidi ndipo mfupa ujijenge, na upande wa ndani ulijenga kidogo mno kuliko wa panya wa miezi 9. Hata hivyo haukuwa umekufa.

Niliwachorea ubaoni. Ndani ya mfupa kuna chembe ziitwazo osteositi, zimefukiwa kama walinzi. Mfupa ukipindwa zinahisi. Usipopindwa zinatoa sklerostini, protini inayowazuia wajenzi, yaani chembe zinazojenga mfupa, huku wabomoaji, chembe zinazoumega, wakiendelea. Uzee huwafanya walinzi hao wasikie kwa shida, na kulala huwanyima cha kusikia. Shosho alikuwa amepatwa na yote mawili kwa wakati mmoja, lakini la pili linaweza kupunguzwa.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ni hii. Mwaka 1984 Rubin na Lance Lanyon waliufanya mfupa wa bawa la ndege ukae bila kazi, kisha wakaupinda mara chache kwa siku. Mara 4 tu, chini ya sekunde 10, zilitosha kuzuia mfupa usipungue. Mara 36 ziliuongeza, na kuzidisha hadi 1800 hakukuleta faida zaidi. Mzigo uliokaa tu bila kusogea haukusaidia. Na baadaye Alexander Robling na wenzake walionyesha kwa panya kwamba mizunguko 360 ikigawanywa mafungu manne kwa siku hujenga zaidi kuliko ikifanywa kwa mkupuo, kwa kuwa chembe zile huchoka kusikia na huhitaji saa kadhaa za kupumzika.

Nilimwonya Wambui waziwazi kwamba ndege wale hawakuwa wazee, na kwamba bawa lililopindwa kwa mashine si nyonga ya bibi wa miaka 78. Asimwinue shosho kabla mtaalamu wa fiziotherapia hajaiona nyonga ile. Mama yake alimpeleka. Mtaalamu aliwaruhusu kuanza kwa kumketisha, kisha kumsimamisha akishikilia meza, watu wawili pembeni, mara chache asubuhi, mchana na jioni.

Muhula ulipofunguliwa nilimuuliza anaendeleaje. Akaniambia shosho anasimama mbele ya dirisha, anahesabu mwenyewe kwa Kikuyu: imwe, igiri, ithatu, inya. Akifika inya anakaa, anapumua, anauliza saa ya tena ni saa ngapi.