Julai kwangu ni mwezi wa mkasi

Naishi Leicester, Uingereza, bustani yenyewe ni kakipande tu nyuma ya nyumba, na kila mwaka ikifika katikati ya Julai inachoka kabisa, yale maua ya kudumu yaliyowaka Juni yamelala chini, majani yameanza unjano, katikati pana upara. Majirani wengi wanaacha hivohivo mpaka Septemba. Mi hapo ndo nashika mkasi.

Naanza na jeraniamu, zile zinazovumilia baridi nje mwaka mzima sio za kwenye vyungu, nakata zote mpaka karibu na udongo hata kama kuna kiua kimoja kimoja bado kimebaki, sina huruma, halafu kila shina linapata maji ya kutosha na mbolea ya maji ile wanayowekea nyanya. Mama mkwe alikuja kututembelea siku hiyohiyo nimekata akasema, "We mwanangu, mbona umeyachinja?" Nikamwambia subiri mama. Baada ya wiki 2 au 3 majani mapya yalikuwa yamejaa, mabichi, na aina nyingine zinatoa maua tena. Ila ukikata bila kumwagilia usitegemee kitu, hasa kama kuna jua kali. Mi namwagilia jioni, kwenye mizizi sio juu ya majani, kisha natandaza mboji kushika unyevu.

Delfiniamu na lupini, yale maua yanayopanda kwenye bua refu, nakata bua lote maua yakishakwisha, kabla halijafunga mbegu, maana mmea ukishaanza kulea mbegu hauna tena habari na maua. Yanayokuja mara ya pili ni madogo lakini si haba. Na hapo chipukizi zinapotoka ndo konokono wanakuja usiku kula bure, natoka na tochi nawaokota.

Sasa sio kila kitu cha kukata jamani. Sedamu na heleniamu, nazo ni maua ya kudumu, Julai usiguse, zinajiandaa kuchanua mwisho wa kiangazi, hizo kama unataka zisirefuke zikaanguka unazikata kupunguza urefu mwisho wa Mei, wenyeji wanaita "Chelsea chop" kwa sababu inaangukia wakati wa maonyesho ya maua ya Chelsea kule London. Lavenda nayo inasubiri mpaka imalize maua, mara nyingi Agosti, na unakata sehemu yenye majani tu, ukiingia kwenye mti mkavu wa chini mara nyingi haichipui tena, basi tena.

Waridi nalipitia kila nikipata nafasi, naondoa lililonyauka nakata juu ya jani lenye nguvu. Yale yanayochanua mara moja kwa mwaka nayaacha yatoe matunda yake mekundu, ndege wanayapenda.

Mbolea nakomea Agosti, ukiendelea kulisha unapata machipukizi laini halafu baridi ikija inayaunguza yote.