Nilivyopata pa kulala Garmisch, safari ya vuli peke yangu

Nimezaliwa Marangu, kwa hiyo wenzangu kazini hapa Augsburg wanaamini najua kila kitu kuhusu milima. Mwaka wangu wa pili wa uuguzi nilipata likizo ya siku nne mwishoni mwa Oktoba, nikaamua kwenda Alps peke yangu. Niliuliza wodini nilale wapi. Mmoja akasema nilale München niwe naenda na kurudi kila siku. Mwingine akasema kwa uhakika mkubwa zaidi: "Tafuta nyumba ndogo huko juu, mbali na mji. Ukiamka uukute mlima dirishani."

Nikamsikiliza huyo wa pili. Ushauri ule unaniudhi hadi leo, maana bado nausikia ukitolewa kwa watu wengine.

Nyumba yenyewe ilikuwa nzuri, na maua kwenye roshani kama ilivyokuwa kwenye picha. Sitaitaja wala sitataja kijiji. Lakini niliposhuka kwenye basi Jumapili ile, sikujua kwamba usiku wa kuamkia siku hiyo saa zilikuwa zimerudishwa nyuma saa nzima, kama zinavyofanywa hapa kila Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Mahesabu yangu yote ya mwanga yalikuwa ya wiki iliyopita. Saa kumi na moja jioni jua lilikuwa limeshazama. Mapokezi hakuna mtu, ufunguo uko kwenye kisanduku chenye namba za siri, na namba zenyewe zimetumwa kwenye barua pepe ambayo simu yangu ilikataa kuifungua kwa sababu mtandao ulikuwa hafifu. Nilisimama pale na begi mgongoni karibu nusu saa hadi mgeni mwingine akatoka kuvuta sigara, akanipa intaneti yake.

Jumatatu nikashuka kula. Mgahawa umefungwa, ni siku yao ya mapumziko. Jumanne pia. Duka la kijiji lipo, lakini linafunga mchana. Gari la kebo nililolifuata lilikuwa limesimamishwa kwa ukaguzi, na huo si mkosi wangu peke yangu: msimu wa kiangazi ukiisha na ule wa kuteleza kwenye theluji haujaanza, magari mengi ya kebo husimama yakaguliwe. Basi la mwisho lilikuwa limeshapita. Jioni ile nilitembea pembeni mwa barabara ya lami kwa tochi ya simu, kama saa nzima, hadi kijiji cha pili kutafuta supu. Magari yananipigia honi, jani lenye maji linateleza chini ya kiatu, na mimi nawaza kwamba nikianguka kwenye mtaro huu hakuna mtu hata mmoja anayejua niko wapi. Supu niliipata. Ilikuwa ya maboga, nikaomba bakuli la pili.

Kilichoniuma kuliko njaa ni jua. Nyumba ilijengwa chini ya ukuta wa mlima uliosimama upande wake wa kusini. Jua lilinifikia saa tano asubuhi, saa nane mchana limeshaondoka, na sakafu ya roshani ilikuwa na baridi ya kaburini. Ng'ambo ya bonde, nyumba zilezile za bei ileile zilikuwa zinaota jua, watu wamekaa nje na vikombe vyao. Siku tatu niliwatazama wale watu.

Kwetu mtu hana sababu ya kuliwaza jambo hili. Marangu iko karibu na ikweta, jua linapita juu ya kichwa, kila kihamba, yaani shamba la nyumbani, kinapata sehemu yake. Hapa vuli ikifika, jua linapita upande wa kusini tena chini kabisa, na mlima wowote ulioko kusini kwako unakuibia siku nzima. (Naposema vuli nasema ya Ulaya, ya majani kupukutika. Si ile yetu ya mvua.) Mwaka uliofuata nilianza na hilo, na bei nikaitazama mwisho.

Nilichagua Garmisch-Partenkirchen. Stesheni iko katikati ya Garmisch na Partenkirchen, miji midogo miwili iliyounganishwa mwaka 1935 kabla ya Olimpiki ya majira ya baridi ya 1936, na treni kutoka München inachukua kama saa moja na nusu. Ukiwa na ile tiketi ya usafiri ya mwezi, Deutschlandticket, huongezi hata senti. Ila mji ni mpana, na hapo ndipo nilipotumia mbinu ninayojivunia kuliko zote. Kampuni za magari ya kebo huweka kamera milimani na mtu yeyote anaweza kuzitazama kwenye intaneti. Kwa siku tisa, saa moja na nusu asubuhi, saa sita mchana na saa kumi jioni, mapumziko ya kazi yakiruhusu, nilifungua kamera zilezile na kuchora kivuli kwa penseli kwenye ramani niliyochapisha. Siku ya tisa ramani ilikuwa imeshajibu. Upande wa kusini wa bonde, chini ya mlima Kreuzeck, ulikuwa mweusi mapema mno. Partenkirchen, kwenye miguu ya mlima Wank, ilikuwa bado ya njano saa kumi.

Kamera zilinionyesha na kitu kingine. Kilimanjaro hufunika kichwa: alfajiri unauona wote, saa nne mawingu yameshaufunga. Alps wakati wa vuli hufunika miguu. Usiku hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka na kutulia bondeni, na unyevu wake unageuka ukungu. Asubuhi mji umezama kama kwenye maziwa na juu kunawaka jua. Kwa hiyo huna haja ya kulala juu. Unachohitaji ni kitanda kilicho karibu na kitu cha kukupandisha, pamoja na chakula cha jioni unaporudi.

Chumba nikapata dakika nane kwa miguu kutoka stesheni, euro 80 na kidogo kwa usiku, pamoja na kifungua kinywa. Cha mtu mmoja hakiwi nusu ya bei ya wawili, hilo lizoee. Unalipa na kodi ya mgeni, euro chache kwa siku, lakini kadi wanayokupa inakupandisha mabasi ya mjini bure. Kabla ya kulipa nilipiga simu, sikuandika. Nikauliza mambo matatu: nikifika usiku nani atanifungulia, siku gani hampiki, na viatu vikilowa nitavikaushia wapi. Mama mwenye nyumba alinijibu yote bila kusita, nikajua nimefika kwangu. Kila asubuhi nilimwachia karatasi mezani: "Wank, narudi saa kumi na moja." Jioni akiniona anaichana.

Siku ya kwanza ilikuwa Wank, mita 1780. Gari la kebo liliingia kwenye ukungu, kijivu kitupu, halafu ghafla likatoka juu yake na nikashika mdomo. Siku ya pili ilinyesha tangu alfajiri. Nikaenda Partnachklamm, korongo la mita kama 700 ambamo mto umechimba mwamba na njia imechongwa ukutani. Mule mvua na jua ni mamoja, utalowa tu. Kituo kisicho na mahali pa kwenda siku ya mvua mimi sikihesabu tena.

Siku ya tatu ilikuwa tarehe 6 Oktoba, na hiyo niliichagua kwa makusudi. Tarehe hiyo mwaka 1889 Mjerumani Hans Meyer na Ludwig Purtscheller wa Austria walifika kilele cha Kibo, juu kabisa ya Kilimanjaro. Meyer alikuwa ameshashindwa mwaka 1887. Aliporudi, alikaa kwetu Marangu kwa Mangi (mtawala) Marealle, akaweka kambi juu, na watu wakawa wanampandishia chakula kutoka chini. Kwetu hadithi hii husimuliwa kwa ajili ya wale waliobeba mizigo, na ni haki yao. Mimi nilikuwa naikumbuka kwa ajili ya ile kambi.

Zugspitze, mlima mrefu kuliko yote Ujerumani, una mita 2962, nusu ya Kilimanjaro na ushee kidogo. Nilipanda na treni ya meno (inayokwea kwa gurudumu lenye meno) kutoka Garmisch, nikapanga kushuka na gari la kebo hadi ziwa Eibsee. Juu palikuwa na theluji na upepo. Nikampigia mama kwa video.

"Umefika wapi, mwanangu?"

"Nimepita Mandara kidogo, mama," nikamjibu, nikipima kwa kambi ya kwanza ya Kilimanjaro kwa njia ya Marangu.

Akatazama theluji nyuma yangu, akanyamaza kidogo. "Na usiku unalala wapi?"

"Chini, karibu na stesheni. Upande wa jua."

"Wamepika?"

"Wanapika leo, mama. Nimeuliza."