Inoki hakulala chini kwa woga

Wengi wakisikia pambano la Muhammad Ali na Antonio Inoki hucheka, wakisema Inoki alilala chini kwa woga. Mimi silicheki hata kidogo. Nimelitazama raundi zote 15, tena na tena, na nasema wazi: Inoki ameonewa.

Ilikuwa tarehe 26 Juni 1976, ukumbi wa Nippon Budokan, Tokyo. Bingwa wa dunia wa ndondi dhidi ya nyota wa mieleka wa Japani. Kengele ilipolia tu, Inoki akajirusha chini, miguu mbele, akaanza kumchapa Ali mateke. Akaendelea hivyo karibu usiku mzima, mgongo sakafuni. Ali anamzunguka, anamfokea ainuke, na ngumi alizorusha zinahesabika.

Mashabiki walikasirika, na nawaelewa, maana walilipa waone vita. Lakini kanuni zilimbana Inoki: hakuruhusiwa kupiga teke akiwa wima. Ulitaka asimame mbele ya ngumi za Ali afanye nini?

Mtazame Ali mguu wa kushoto raundi za mwisho. Umevimba, umeiva wekundu. Kocha wake, Angelo Dundee, alilalamika mpaka kiatu cha Inoki kikafungwa plasta, kwa sababu kilikuwa kinamchana bondia wake.

Majaji wakatoa sare, huku Inoki akiwa amekatwa pointi kwa faulo. Ali akaishia hospitalini, damu imeganda miguuni. Miezi mitatu baadaye alipanda ulingoni na bondia Ken Norton, na hilo ndilo linaloniuma: miguu ile ndiyo iliyokuwa silaha yake.